Fomu ya ridhaa imeandikwa kwa Kiswahili cha nani?

KWA muda sasa wasomi wa afya barani Afrika wamekuwa na wimbo mmoja: kuuondoa ukoloni katika utafiti wa afya ya ulimwengu. Wimbo wenyewe una mashiko. Mwaka 2019 Seye Abimbola, mwanazuoni kutoka Nigeria anayefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Sydney, alichapisha katika jarida la BMJ Global Health insha kuhusu kile anachokiita mtazamo wa kigeni. Aliuliza maswali ambayo mwanafunzi yeyote wa fasihi angeyatambua mara moja: anayeandika ni nani, na anamwandikia nani? Mwaka 2021 wasomi kadhaa wa Kiafrika na wenzao waliandika barua ya wazi katika Nature Medicine. Walilalamikia dola milioni 30 za Marekani za kupambana na malaria Afrika, zilizopewa muungano wa taasisi za Marekani, Uingereza na Australia bila hata taasisi moja ya Kiafrika. Mbu ni wa kwetu, homa ni ya kwetu, makaburi ni ya kwetu; bajeti ndiyo iliyopata makao kwingine.

Malalamiko hayo ninayaunga mkono. Hata hivyo, ukiyasikiliza kwa sikio la mtu wa lugha, utagundua kwamba mjadala mzima unahusu majina ya waandishi, fedha na vyeo. Lugha hutajwa mwishoni, harakaharaka, kama shukrani kwa mpishi baada ya hotuba za wageni wa heshima. Na hayo yote husemwa kwa Kiingereza. Sisi wenyewe hatujaafikiana tuiite taaluma hiyo afya ya ulimwengu, afya ya dunia ama afya ya kimataifa.

Hebu basi tutazame pale ambapo Kiswahili kinaruhusiwa kuingia. Swali la utafiti hutungwa kwa Kiingereza. Pendekezo la kuomba fedha huandikwa kwa Kiingereza, kamati ya maadili husoma Kiingereza, matokeo huchapishwa kwa Kiingereza. Kiswahili huitwa siku moja tu: siku ya kuomba damu. Siku hiyo mfanyakazi wa nyanjani hufika nyumbani kwa watu, ama wodini, na karatasi inayoitwa fomu ya ridhaa.

Fomu hiyo sijaona ikihakikiwa kokote. Tunahakiki riwaya, tamthilia, mashairi na hata matangazo ya sabuni, ilhali maandishi haya ya Kiswahili ambayo maelfu ya Wakenya wamesomewa na kuyatia sahihi ama kidole hatuyagusi. Nimewahi kutafsiri fomu kadhaa za aina hii, kwa hivyo nazijua kwa ndani. Leo ninataka kuisoma kama ninavyoisoma hadithi fupi: nani anazungumza, anazungumza na nani, na ni nani aliyenyamazishwa.

Fomu nyingi hufungua kwa maneno haya: “Umealikwa kushiriki katika utafiti.” Umealikwa na nani? Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na mtenda hayupo. Kiingereza cha kisayansi hupenda kumficha mtenda, na mfasiri mtiifu humfuata. Lakini mwaliko wa Kiswahili una mwenyewe. Ukialikwa harusini unajua ni harusi ya nani, unajua utaketishwa wapi, na pilau ipo. Mwalikwa ndiye anayekula. Katika fomu hii mwalikwa ndiye anayekuja na chakula, nacho kiko ndani ya mishipa yake. Ni nani hapa mgeni na nani mwenyeji? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mtafiti anapofika Ganze ama Rarieda, mgeni ni yeye. Sentensi moja ya kwanza imegeuza mambo: mama aliye katika boma lake amefanywa mgeni wa utafiti.

Kisha kuna istilahi zenyewe. Mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili ni shahidi asiyedanganya. Tuna mtafiti, na baadhi ya nyaraka zina mtafitiwa. Hiyo -iwa ya mwisho haina aibu. Inakuambia wazi kwamba huyu hutendewa. Kwa sababu hiyo wengi wamehamia kwenye mshiriki, neno lenye adabu zaidi. Sawa. Lakini soma mbele kidogo na utakutana na “kushirikisha jamii”. Kushiriki ni tendo langu mwenyewe. Kushirikisha ni wewe kunifanya nishiriki. Na jamii “iliyoshirikishwa” ina kauli ya kutendesha na kauli ya kutendwa zimepangwa moja juu ya nyingine: imefanywa ifanye. Nani ameshika mpini na nani ameshika makali, viambishi tayari vimesema.

“Hakuna faida ya moja kwa moja kwako.” Sentensi hii naijua kama jina langu. Mwandishi wa Kiingereza alitaka kusema kwamba wewe mwenyewe huenda usipate lolote kutokana na utafiti huu, ingawa huenda wengine wakafaidika baadaye. Mkenya anayesikia “moja kwa moja” hufikiria mambo mawili: njia isiyo na kona, ama matangazo ya mechi ya Gor na Ingwe redioni. Je, faida isiyo ya moja kwa moja ni ile itakayorekodiwa ichezwe kesho? Natania, lakini mama anayesomewa hana wakati wa utani. Akielewa kwamba faida ipo ila imechelewa kidogo, amekubali jambo ambalo hakuambiwa. Ni vigumu kiasi gani kuandika: “Huenda usipate chochote kutokana na utafiti huu”?

“Habari zako zitawekwa siri.” Neno siri lina pande mbili. Siri ya ndoa ni sitara. Siri ya serikali ni kitu unachofichwa. Mtu anapochukua damu yako na kukuambia kwamba yatakayotokea ni siri, si ajabu ukajiuliza siri hiyo inafichwa nani.

Na hapo tunafika kwenye damu. Mizani ya maabara ni mililita, na kwa kuwa mama hajui mililita, fomu humfafanulia: mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Hesabu ni sahihi. Nia ni njema pia. Lakini kijiko cha chai ni chombo cha mdomoni. Hukoroga, huonja, humlisha mtoto dawa ya kikohozi. Katika nchi ambayo watu wamesimuliana kwa takriban karne nzima kuhusu wanyonya damu, tumeamua kuwapimia damu yao kwa kijiko cha kunywea!

Masimulizi hayo yana jina pwani: mumiani. Neno lina safari ya ajabu. Asili yake ni Uajemi, na maana yake ya zamani ni dawa, kitu cheusi kama gundi kilichotumiwa kutibu mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaieleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini imetengenezwa kwa damu ya watu waliouawa. Baadaye neno likahama kutoka kwenye dawa likamshika anayeitafuta. Mumiani akawa mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa na sare, gari ama sindano. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu masimulizi hayo mwaka 2000. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza yanasema nini kuhusu ukoloni. Kule magharibi mwa Kenya watu husema kachinja, na watafiti wa afya wamekuta jina hilo likiwasubiri vijijini.

Sidai kwamba watafiti ni mumiani. Ninachodai ni kwamba wasemaji wa Kiswahili walikuwa na nadharia ya uchukuzi, yaani dawa ya mmoja inayotokana na mwili wa mwingine, kabla ya jarida lolote la kitaaluma kuibuni. Ziwa Viktoria linaweza kutoa ushahidi. Kati ya mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, daktari maarufu wa Ujerumani, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa iitwayo Atoxyl. Aliongeza vipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Watu waliokumbuka mambo ya aina hiyo hawakuwa na jarida. Walikuwa na masimulizi.

Tatizo la fomu si la jana. Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, ina kituo kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano na Wellcome, watafiti wenyewe walichapisha mwaka 2004 uchunguzi kuhusu ridhaa. Walikuta kwamba uelewa ulikuwa wa viwango tofauti sana, na kwamba wapo ambao hawakujua kuwa wamo ndani ya utafiti. Waliona tu kwamba mtoto anatibiwa. Nawapongeza kwa kulisema hilo hadharani. Kituo hicho kimefanya bidii tangu hapo, kikiwa na wawakilishi wa jamii waliochaguliwa vijijini na mabaraza ya mara kwa mara. Lakini bidii hiyo imeelekezwa zaidi kwa namna ya kuisoma fomu. Fomu yenyewe imebaki mtoto wa Kiingereza.

Kwa nini? Sababu si uvivu wa wafasiri. Sababu ni mtihani wanaofanyishwa. Fomu ikishatafsiriwa kwa Kiswahili, mtu mwingine huirudisha kwa Kiingereza bila kuona ile ya kwanza. Kisha Kiingereza cha pili hulinganishwa na Kiingereza cha kwanza. Vikifanana, tafsiri imepita. Utaratibu huu huitwa tafsiri rejeshi na umekubalika duniani kote kama kipimo cha ubora.

Tafakari kidogo maana yake. Kiswahili hapa hakipimwi kwa namna kinavyoeleweka na mama wa Ganze. Kinapimwa kwa namna kinavyorudi nyumbani kwa Kiingereza. Tafsiri inayofaulu ni ile iliyofuata Kiingereza neno kwa neno, kwa sababu hiyo ndiyo itakayorudi bila mikwaruzo. “Faida ya moja kwa moja” hurudi salama salimini. “Huenda usipate chochote” hurudi ikiwa imebadilika, na mfasiri huulizwa maswali. Mfasiri mwenye akili hujifunza haraka: andika Kiswahili kisichosemwa na yeyote, ulipwe.

Niliwahi kuandika katika fomu moja kwamba damu ya mshiriki “itakuwa amana kwetu”. Mratibu wa mradi huo, ambaye sitamtaja, alinipigia simu baada ya tafsiri rejeshi kurudi.

“Mwalimu, hapa umeongeza kitu.”

“Nimeongeza nini?”

“Sisi tumesema sampuli zitahifadhiwa. Hii amana yako imerudi kama kitu tumewekewa tu, ati mwenyewe anaweza kukuja kudai.”

“Si ndiyo? Kwani ni ya nani?”

“Ni sawa, lakini hiyo haiko kwa ile ya Kiingereza. Ethics hawajapitisha hiyo.”

Neno likaondolewa. Lakini sijaacha kulifikiria, kwa sababu mratibu yule alikuwa ameelewa barabara. Amana si sampuli. Sampuli ni kipande cha kitu, hakina mwenyewe. Ukiiweka kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri na kuibandika namba, habari yake imekwisha. Amana ni kitu kilichokabidhiwa, na aliyekabidhiwa yuko katika deni la kimaadili hadi siku ya kukirejesha. Katika sheria ya Kiislamu, iliyoliathiri sana neno hili huku pwani, anayeshika amana hana ruhusa ya kuitumia kwa jambo lake bila kumuuliza mwenyewe. Amana ya mahari huwezi kuifanyia mtaji wa duka. Sasa chukua kile kifungu cha kawaida kinachosema kwamba damu itakayobaki itahifadhiwa na huenda ikatumiwa katika tafiti nyingine siku zijazo, hapa ama ng'ambo. Kwa mantiki ya sampuli, kifungu hicho ni cha kawaida kabisa. Kwa mantiki ya amana, unarudi kwa mwenyewe, unabisha hodi, unauliza tena. Na kama amefariki? Unawauliza warithi.

Hili ndilo jambo ambalo mjadala wa kuondoa ukoloni unalikosa unapoishia kwenye majina ya waandishi. Lugha si nguo unayoivisha hoja iliyokwisha kukamilika. Neno moja la Kiswahili lingebadilisha maadili yenyewe: nani ana haki gani juu ya chupa iliyo katika friji ya Oxford ama Atlanta. Wakati wa mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016, maelfu ya sampuli za damu zilisafirishwa kutoka Guinea, Liberia na Sierra Leone hadi maabara za nchi tajiri, na baadaye wanasayansi wa Afrika Magharibi wakaachwa wakiuliza ziko wapi na nani anaruhusiwa kuzitumia. Ukiuliza kwa lugha ya sampuli, hilo ni suala la mikataba kati ya taasisi. Kwa lugha ya amana, hiyo ni khiyana.

Hapa Nairobi tuna mfano wa miaka mingi zaidi. Tangu katikati ya miaka ya themanini, wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo, Pumwani, wamekuwa wakitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, na baadaye Oxford. Marehemu Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi kwa taaluma, aliwafikia kwa njia ya baraza, wakiketi na kuzungumza. Baadhi ya wanawake hao walionekana kutoambukizwa virusi vya Ukimwi licha ya kukabiliwa navyo mara nyingi, na miili yao ikawafunza wanasayansi wa dunia jambo. Kisha mwaka 2000 kukazuka mzozo kuhusu hataza ya chanjo iliyotokana na ushirikiano huo. Watafiti wa Nairobi walilalamika kwamba walikuwa wameachwa nje ya maombi yake. Wakasuluhishana. Lakini ona sura ya mzozo: ulikuwa kati ya maprofesa na maprofesa, taasisi na taasisi. Majengo ni mtaa wa Waswahili kwa asili, Kiswahili chake ni cha vizazi. Kama uhusiano ule ungeandikwa tangu mwanzo kwa lugha ya waliotoa damu, na kwa neno kama amana, sidhani wanawake wale wangekosa kiti katika mazungumzo hayo.

Nirudi kwenye jina la fomu. Nyaraka zetu huchanganya idhini na ridhaa kana kwamba ni pacha. Si pacha. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: mbunge huomba idhini kwa spika, mtoto kwa mzazi. Kuomba idhini ni kukiri kwamba mlango si wako. Ridhaa inatoka katika ukoo wa radhi, kuridhika na maridhiano. Ni moyo uliotua. Idhini inaweza kutolewa kwa sekunde moja na kidole chenye wino. Ridhaa haiwezi. Mimi ningependa zote mbili ziwemo, kila moja mahali pake, kwa sababu mtu anaweza kukupa idhini huku roho yake haijaridhia. Kila mtu aliyewahi kulazwa akiwa na mtoto mgonjwa, akaletewa karatasi na mtu aliyevaa koti jeupe, analijua hilo. “Daktari, wewe andika tu.” Hiyo si ridhaa. Hata idhini ni kwa taabu.

Tofauti hizi si mchezo wa kamusi. Septemba 2019 Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S katika Kaunti ya Homa Bay, katika mpango wa majaribio uliozihusisha pia Ghana na Malawi. Baadhi ya maeneo yalichaguliwa kwa nasibu kuipata kwanza na mengine kusubiri. Februari 2020 jarida la BMJ lilichapisha ripoti ya Peter Doshi ambamo wataalamu wa maadili walilalamika kwamba wazazi hawakuombwa ridhaa yao kama washiriki wa utafiti. Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba chanjo imeidhinishwa na mamlaka za nchi husika, inatolewa kwa utaratibu wa kawaida wa chanjo, na kwamba mzazi aliyepewa habari kisha akamleta mtoto kliniki amekubali bila kusema. Haki isemwe: takwimu zilizofuata hazikuthibitisha hofu zilizokuwepo kuhusu usalama, na Oktoba 2021 shirika hilo likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto. Ni chanjo inayookoa maisha, na mzazi asisome makala haya akaacha kumpeleka mtoto.

Swali langu ni la lugha. Kukubali bila kusema tukuite nini? Ridhaa ya kimya? Mswahili anajua kimya kinachohesabiwa kuwa ridhaa: kimya cha mwari anapoulizwa kuhusu posa. Lakini katika mila hiyo, mwari huulizwa. Baba ama wakala huja, humtaja mchumba kwa jina, kisha husubiri. Kimya kinachofuata swali ni jibu. Kimya ambacho hakikutanguliwa na swali ni kimya tu. Mzazi wa Homa Bay aliyempeleka mtoto kliniki bila kujua kwamba eneo lake lilichaguliwa kwa nasibu hajanyamazia swali lolote. Hakuulizwa. Hoja hiyo sikuiona ikitolewa kwa namna hii katika mabishano ya kule BMJ, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyejaribu kuyabisha kwa Kiswahili.

Kuhusu huko kuchagua kwa nasibu: fomu nyingine husema “kama bahati nasibu”. Mkenya akisikia bahati nasibu anafikiria kamari na matangazo ya kubeti kwenye simu. Na ile dawa isiyo na kiungo chochote, inayotolewa ili kulinganisha, mara nyingi huitwa “dawa bandia”, jina lilelile tunalolitumia kwa dawa ghushi zinazonaswa na polisi. Unamwambia mgonjwa kwamba huenda akapewa dawa bandia, halafu unashangaa akiondoka!

Najua jibu litakalokuja: Kiswahili hakina istilahi. Jibu hilo tumelisikia tangu tukiwa shuleni. Lakini mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, barakoa lilikuwa neno la pwani la vazi la uso la wanawake. Bara wachache walilijua. Kabla ya mwaka kuisha, makondakta wa matatu walikuwa wakilipigia kelele: “Barakoa mdomoni, msituletee maneno!” Hakuna kongamano lililofanywa. Haja ilikuwepo, chombo cha habari kikalitumia, watu wakalichukua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitalikwepa. Kiswahili chenyewe si lugha ya mama kwa wengi wanaotiwa sindano. Kilifi vijijini ni Kigiriama, Siaya ni Kijaluo. Tena Kiswahili sanifu tunachojivunia kina alama za vidole vya mkoloni: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930, na kamusi ya Johnson niliyoitaja ni zao la kazi hiyo. Nani aliulizwa Lamu? Nani aliulizwa Mombasa kwenyewe? Kwa hivyo, fomu ya Kiswahili sanifu inaweza kumfungia mlango mama wa Kigiriama vilevile, ila kwa adabu zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye mwaka 1986 alikiaga Kiingereza kama lugha ya uandishi wake kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, alijua ugumu huu: aliahidi Kikuyu na Kiswahili pamoja, si kimoja juu ya kingine.

Sheria yetu ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, “pale inapowezekana”. Maneno hayo mawili yana nafasi ya kupitisha lori. Ninachokipendekeza kwa kamati za maadili ni kidogo, na hakigharimu mamilioni. Fomu itungwe kwanza kwa lugha ya watakaotoa damu, Kigiriama kikiwa ndicho kinachosemwa pale, Kijaluo kikiwa ndicho, Kiswahili cha mtaani Majengo kikiwa ndicho. Itungwe mezani pamoja nao, wabishane kama ni sampuli ama ni amana, kama kijiko kitatajwa ama hakitatajwa. Ikishakubalika hapo ndipo itafsiriwe kwa Kiingereza, kamati na mfadhili wasome hiyo tafsiri. Na kama kuna wasiwasi kuhusu usahihi, basi tafsiri rejeshi ifanywe kinyume: Kiingereza kirudishwe kwa Kigiriama, tuone kama kitamrudia mama kikiwa kamili. Mfadhili asipoelewa neno, aulize. Wakalimani wapo, wengi wao ni wanafunzi wetu waliohitimu na hadi leo wanatembeza vyeti mjini wakitafuta kazi.